Kibukusu, Kimaragoli, Kitiriki: kila kimoja kihesabiwe lugha mtandaoni, au tubaki na "Kiluhya"?

MwanaLurambi (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Kila mahali watu wa magharibi wanapokutana mtandaoni kukusanya maneno, methali, makala na rekodi za wazee, suala hili linazuka. Kwenye orodha ya lugha kuna nafasi moja tu, "Luhya", na mabishano yanaanza papo hapo. Mbukusu anasema hayo maneno si yake, Mmaragoli anasema hiyo tahajia si yake, naye wa Mumias haoni tatizo kwa sababu kilichoandikwa kinakaribiana na anachosema nyumbani.

Tuanze na kilichopo. Orodha ya ISO 639-3, inayotegemewa na tovuti na programu nyingi, ina msimbo (kifupi cha herufi tatu) luy kwa Kiluhya. Lakini luy ni mwavuli tu. Chini yake kuna misimbo 14: bxk Kibukusu, rag Kimaragoli, lwg Kiwanga, lrm Kimarama, lks Kikisa, lto Kitsotso, lkb Kikabras, lts Kitachoni, nyd Kinyore, lko Kikhayo, lri Kimarachi, lsm Kisamia, nle Kinyala cha mashariki, na ida inayobeba Kiidakho, Kiisukha na Kitiriki kwa pamoja. Kikalenjin nacho ni mwavuli, kln, wenye misimbo 9. Dholuo ina mmoja, luo.

Kwa hiyo anayedai kwamba lahaja zetu hazijatambuliwa anakosea mlango. Kwenye viwango zilishaingia. Kazi iliyobaki ni yetu: kuamua utambuzi huo tuutumie vipi. Hapo naona watu wanachanganya mambo matatu. Kuna lebo, yaani kila andiko au rekodi kuandikwa ni ya lahaja gani. Kuna ukumbi, yaani kundi au tovuti ya lahaja peke yake. Kuna tahajia. Mimi nasema lebo itolewe kwa kila lahaja leo, bila sharti lolote. Ukumbi wa peke yake usubiri waandishi wapatikane. Tahajia isilazimishwe na mtu. Karibuni.

Webuye_Juu

Asante kwa kufungua. Mimi naenda mbali kuliko wewe: Kibukusu kiwe na lebo, ukumbi na kila kitu, na sababu yangu ni ya sarufi kabla ya kuwa ya fahari.

Nomino za Kibukusu hubeba kiambishi kizito mbele. Mti ni kumusala, miti ni kimisala, watu ni babandu, maji ni kamechi. Msemaji wa Kiwanga atakuandikia omusala, emisala, abandu, amatsi. Mmaragoli ataandika watu kwa v: avandu. Sasa weka maneno haya yote kwenye kamusi moja ya mtandaoni iliyopangwa kwa alfabeti. Miti, maji na mengine mengi ya Kibukusu yatarundikana kwenye K, yale yale ya Kiwanga yatakuwa kwenye A, E na O. Mtumiaji akiandika kamechi kwenye sehemu ya kutafuta, hapati chochote, ingawa neno la maji limo. Ataamini kamusi ni tupu, ataondoka.

Kikagua tahajia kinaharibika zaidi. Ukikifundisha kwa maandishi ya mchanganyiko, kinakubali kumusala na omusala katika sentensi moja, na hapo hakikagui kitu tena. Ukikifundisha kwa Kiwanga peke yake, kinamwekea Mbukusu mstari mwekundu kila neno.

Na tusisahau kwamba kuunganisha kulishajaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa na Kamati ya Lugha ya Luyia iliyotaka tahajia moja kwa wote. Wamaragoli walijitoa, wao walikuwa na Agano Jipya lao tangu 1925, kazi iliyoanzia kwa wamisheni wa Friends (Waquaker) waliofika Kaimosi mwaka 1902, na Biblia kamili ikafuata 1951. Biblia ya Oluluyia, yaani Kiluhya cha pamoja, ilipotoka 1975, ilisomwa sana na watu wa katikati, upande wa Wanga, Marama, Kisa na Tsotso. Wabukusu wakapata ya kwao 1998. Kama lugha moja ingetosha, kazi hiyo yote isingefanywa mara tatu.

Kondele_Data

Naunga mkono lebo, na naomba nieleze kwa upande wa data, maana hapo ndipo hasara inapoonekana wazi.

Mkusanyiko wa Kencorpus, uliofanywa na watafiti wa Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya Kiswahili, Dholuo na Kiluhya: maneno takriban milioni 5.6 ya maandishi na saa 177 za sauti. Kwenye Kiluhya hawakuandika "Luhya" wakaacha. Walitenga Kimarachi, Kimaragoli na Kibukusu. Kwa sababu hiyo anayetaka kutengeneza kitu cha Kibukusu anaweza kuchota Kibukusu peke yake, na anayetaka mwavuli anajumlisha zote tatu. Hii ndiyo faida: kutoka lebo ndogo unaweza kupanda hadi kubwa wakati wowote, lakini kutoka "luy" tupu hushuki. Itabidi usikilize upya kila faili.

Utaratibu ninaoushauri kwa kundi lolote linalokusanya sauti:

Jina la faili lianze na msimbo wa lahaja, sio wa mwavuli: bxk, halafu tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, halafu namba ya msemaji. Usitumie jina la mtu kwenye faili. Rekodi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya chaneli moja. kHz 16 zinatosha kwa utambuzi wa sauti, lakini kama ni hifadhi ya wazee rekodi kwa kHz 48, utapunguza baadaye. Sauti iliyotumwa kama ujumbe wa WhatsApp imeshabanwa na haiwezi kurudishwa ilivyokuwa, kwa hiyo rekodi kwa programu ya kurekodi, kisha itume kama hati, sio kama ujumbe wa sauti.

Kwenye jedwali weka safu tatu tofauti: lahaja anayosema mwenyewe kwamba anaizungumza, mahali alipokulia hadi umri wa miaka 12 hivi, na mahali anapoishi sasa. Makundi mengi yana safu moja tu, "anatoka wapi", na mtu aliyekulia Kimilili akahamia Kitale anaandikwa Kitale. Lebo inaharibikia hapo, kimyakimya.

Jambo jingine: kwenye orodha ya lugha ya simu za Android mtakuta Dholuo, Ekegusii, Kalenjin na Luluhia. Msifurahi mapema. Ukichagua Luluhia, majina ya siku na miezi yanabadilika, lakini programu nyingi zitaendelea kwa Kiingereza kwa kuwa hakuna aliyezitafsiri. Jina kwenye orodha si huduma.

Kapsabet_Msomaji

Niongeze upande wa Kikalenjin, kwa sababu unaonyesha kwamba idadi ya misimbo haipaswi kuwa idadi ya kumbi.

Ile 9 ni Nandi, Kipsigis, Keiyo, Tugen, Markweta, Okiek, Terik, Pökoot na Sabaot. Mnandi na Mkipsigis wakiandikiana, wanaelewana bila kusimama. Keiyo vivyo hivyo. Kuwatenga kwenye kumbi tatu ni kuwanyima wasomaji bila faida yoyote. Lakini Kipökoot ni habari nyingine kabisa, na Kisabaot cha Mlima Elgon nacho kina maandishi yake. Ukiweka tangazo la Kinandi kwa Wapokot na kuliita "Kalenjin", umewaandikia wengine.

Na tafadhali, tec ni Terik, lugha ya Kikalenjin. Kitiriki ni ya Kibantu na iko ndani ya ida. Majirani hawa wameishi pamoja muda mrefu, majina yanafanana, na mara nyingi mtu anachagua la kwanza analoliona kwenye orodha. Orodha ionyeshe jina pamoja na mwavuli wake: "Terik (Kalenjin)", "Kitiriki (Luhya)". Kosa hili ni rahisi kulizuia, ni gumu kulisafisha baadaye.

ButereMwalimu

Ndugu zangu, nawasoma kwa makini. Naomba tujiulize lahaja inakuwa lugha kwa kipimo gani, maana wengi wanapima kwa hisia.

Kiwango cha ISO 639-3 kinatazama mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, je, wasemaji wanaelewana bila kufundishwa? Wakielewana vya kutosha, kwa kawaida huhesabiwa lugha moja. Pili, uelewano ukiwa wa wasiwasi, kuwa na maandishi ya pamoja au utambulisho wa pamoja kunaweza kuwaweka chini ya lugha moja. Tatu, hata wakielewana, utambulisho uliokomaa wa pande mbili unaweza kuzifanya ziwe mbili. Kwa hiyo hakuna aibu kusema utambulisho una uzito. Umo kwenye kanuni yenyewe.

Uelewano unapimika. Chukua msemaji mmoja, asimulie kisa cha dakika mbili au tatu, kisiwe kisa ambacho watu wanakijua. Andaa maswali 10 yanayojibika kwa kusikia kisa tu. Wachezee kwanza watu wa kijiji cha msimulizi; swali ambalo wenyewe wanalikosa litupwe, kwa kuwa kosa ni la swali. Kisha wachezee wasikilizaji 10 au zaidi wa lahaja nyingine, mmoja mmoja, maswali yakiulizwa kwa lahaja yao. Wastani ukishuka chini ya 70 hivi kwa mia, usitegemee maandishi ya upande mmoja kuwafaa wa upande wa pili.

Kinachovuruga kipimo hiki kwetu ni ndoa na soko. Mtu wa Butere ambaye mama yake ni Mbukusu ataelewa Kibukusu vizuri sana, lakini huko ni kujifunza, si kufanana kwa lugha. Wafanyabiashara wa Kakamega mjini hawafai kwa kipimo. Tafuta vijana wa ndani ambao hawajakaa na upande mwingine. Na usipime wakiwa kundini: wa kwanza akijibu, wengine wanamfuata.

Incubator_Mzoefu

Kwa wanaofikiria Wikipedia ya lahaja, haya ndiyo yanayotakiwa, ili msijichoshe.

Lugha lazima iwe na msimbo halali wa ISO 639. Bila msimbo, ombi halisomwi. Pili, sera ya Wikimedia, shirika lenye Wikipedia, inataka lugha iwe tofauti kiasi kwamba haiwezi kuishi kwenye wiki iliyopo tayari. Lahaja za kieneo, au namna mbili za kuandika lugha ile ile, kwa kawaida hazipewi wiki yao. Kwa hiyo bxk na rag zina hoja. Kitsotso na Kiwanga wataulizwa kwa nini wasikae pamoja.

Mnaanza kwenye Wikimedia Incubator, tovuti ya kujaribia wiki mpya, kila ukurasa ukiwa na kiambishi, mfano Wp/bxk/ kisha jina la makala. Sambamba na hapo mnatafsiri maneno ya mfumo kwenye translatewiki.net: hariri, hifadhi, tafuta, historia na kadhalika. Kisha mnaweka ombi rasmi, na kamati ya lugha inaangalia kama kuna wahariri hai, si mmoja, mwezi baada ya mwezi.

Majaribio huanguka hapo kwenye mwezi baada ya mwezi. Watu hukusanyika wikendi moja, wanaandika makala mamia yenye sentensi moja moja ("Webuye ni mji Kenya"), kisha kimya. Makala 30 zenye aya tano, zilizoandikwa na watu wanne kwa mwaka mzima, zina nguvu kuliko hizo. Kosa la pili ni tafsiri ya mashine iliyobandikwa bila msemaji kuisoma. Kamati huuliza wataalamu wa lugha husika, na inagundulika.

Nyando_Chini

Wenzangu mnasema Dholuo ina msimbo mmoja kana kwamba sisi hatuna lahaja. Tunazo. Wa ng'ambo ya Yala, yaani Alego, Ugenya na jirani zao, na wa Nyanza Kusini hawatamki sawa wala hawatumii msamiati ule ule kila mahali. Lakini tunaandika pamoja na kusomana, na matokeo yanaonekana: Google Translate ilipoongeza lugha 110 mwaka 2024, Luo ilikuwamo. Mifumo mikubwa inahitaji maandishi mengi chini ya jina moja. Ukiyagawa mara 14 kabla hayajakua, kila fungu linaonekana dogo mno.

Kinachotusaidia ni kanuni moja kwenye kumbi zetu: mwandishi wa kwanza wa makala ndiye anayeamua namna ya kuandika, na hakuna ruhusa ya kupita ukibadilisha maneno ya mwenzako kuwa ya kwenu. Ukiwa na neno tofauti, liongeze kando yake. Bila kanuni hiyo, kila makala inageuka uwanja wa kuvutana.

Lakini nasema pia kwa uchungu: mwavuli unaweza kuua. Kisuba cha Rusinga na Mfangano ni lugha ya Kibantu, ina msimbo wake, sxb, na hakijawahi kuwa lahaja ya Dholuo. Kwa kuwa Wasuba wengi wanazungumza Dholuo, watu wakazoea kuwaweka chini yake. Rekodi ya mzee wa Mfangano ikipewa lebo ya luo, hakuna atakayeipata tena akitafuta Kisuba, na wazee hao hawaongezeki. Kinubi cha Kibos hapa Kisumu nacho, kcn, kina asili ya Kiarabu. Nimekiona kimeandikwa "Kiswahili cha zamani". Hapo lebo ni suala la kubaki au kupotea.

Section58_Nakuru

Swali kutoka mjini. Nakuru watoto wa Kiluhya, Kikalenjin na Kijaluo wanacheza kwa Kiswahili na Sheng. Mkigawa kumbi kwa lahaja, hawa wanaingilia wapi? Wengi wanaelewa lahaja ya nyumbani ila hawawezi kuiandika.

ButereMwalimu

Swali zuri sana. Kila ukumbi wa lahaja uwe na maelezo na kanuni kwa Kiswahili, na kila neno au kisa kiwe na muhtasari wa Kiswahili wa mistari miwili. Kijana wa Nakuru atafuata. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa na hapo hapo inalitaka taifa kukuza lugha za kienyeji. Hazigombani.

Na kwa wanaoogopa mgawanyiko, angalieni Kiswahili chenyewe. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Sanifu ikasambaa hadi kwetu huku, hilo ni jema. Lakini Kimvita, chenye ushairi mzito, kikaanza kusahihishwa darasani kama makosa. Tungeweza kupata sanifu bila kuita lahaja makosa. Kwa Kiluhya bado hatujafika huko, tuna nafasi ya kufanya vizuri tangu mwanzo.

Webuye_Juu

Mwalimu, nakubali hapo. Ila mniruhusu nisisitize: mwavuli ukibaki peke yake, anayesikika ni wa lahaja iliyo karibu na kitabu. Sensa ya 2009 iliwaorodhesha Wabukusu, Wamaragoli, Waisukha na wengine kila mmoja kwa mstari wake, kisha ikajumlisha Waluhya 5,338,666. Hakuna aliyepungukiwa na chochote kwa kutajwa jina. Mtandaoni tufanye vivyo hivyo.

Hamisi_T

Sisi wa Tiriki tuna shida ambayo haijaguswa. Tukitumia ida, tumechanganywa na Idakho na Isukha. Je, tuombe msimbo wetu?

Kondele_Data

Kuomba kunawezekana: maombi ya kubadilisha orodha hupelekwa kwa shirika la SIL, ndio wanaoisimamia ISO 639-3, na yanahitaji ushahidi wa aina aliyoutaja Mwalimu. Ila msisubiri. Kanuni ya lebo za lugha mtandaoni inaruhusu nyongeza ya binafsi baada ya herufi x. Andikeni ida-x-tiriki, ida-x-isukha, ida-x-idakho. Mfumo usioijua nyongeza utasoma ida na kuendelea. Wenu utasoma yote. Angalizo moja: kila kipande baada ya x kisizidi herufi 8, bila nafasi wala alama. "tiriki" inapita, "magharibi" ina herufi 9 na itakataliwa. Wanyala wa Busia, ambao hawana msimbo wa peke yao kama wenzao wa mashariki, waweza kutumia luy-x-nyala-busia. Vipande viwili, kila kimoja kimepita.

MwanaLurambi

Hii ya x inatatua mengi. Sasa, makundi yenye faili za zamani zilizoandikwa "Luhya" tu wafanyeje?

Kondele_Data

Kwanza nakili kila kitu mahali pa pili kabla hujagusa. Usifute lebo ya zamani. Ongeza safu mpya ya lahaja, uache ya zamani ilivyo, ili ukikosea ujue ulianzia wapi.

Gawa faili kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza, ambazo aliyerekodi bado yupo: muulize yeye, ndiye anayejua. Fungu la pili, ambazo hayupo lakini mahali panajulikana: sikiliza sekunde 60 za kwanza na za mwisho, wasikilizaji wawili wa maeneo tofauti, kila mmoja aandike jibu lake bila kuona la mwenzake. Wakikubaliana, weka lebo. Wasipokubaliana, peleka kwa wa tatu. Fungu la tatu, ambazo hakuna anayejua: acha luy. Msikisie kwa kutazama jina la ukoo au mahali faili ilipotumwa, kwa sababu lebo ya kukisia inaonekana sawa na ya uhakika na hakuna atakayeikagua tena.

Rekodi ambayo wasemaji wawili wanaongea lahaja mbili, kwa mfano mahojiano ya harusi, msichague moja. Iandikeni zote mbili, bxk na lto, na muweke dakika ambapo kila mmoja anaanza.

Hamisi_T

Na tahajia kwenye faili za maandishi za zamani?

Kondele_Data

Msiisahihishe. Mkitaka toleo la tahajia ya leo, litengenezeni kama faili ya pili yenye jina lile lile na alama mwishoni, na ya kwanza ibaki kama mwandishi alivyoiacha.